Hesabu Haijatimia

Mazungumzo yangu ya leo yanamhusu mtu ambaye kwa muda wa saa mbili nilizolala karibu naye sikuuona uso wake, wala yeye hakuwa na nafasi ya kuutazama wangu, ilhali katika saa mbili hizo uhai wangu ulikuwa mikononi mwake na mwa wenziwe, na mimi nilikuwa macho, akili zangu timamu, nikimsikia neno kwa neno.

Kwa miaka isiyopungua saba nilikuwa na ngiri, maradhi ambayo sisi wanaume wa mwambao huyaficha chini ya shuka kana kwamba ni deni, na kila nilipoambiwa niende nikapasuliwe nilijibu kwamba nitakwenda baada ya mavuno, au baada ya Ramadhani, au baada ya kumwoza binti yangu. Usiku mmoja wa kusi uvimbe ule, uliokuwa umezoea kurudi ndani wenyewe kila nilipolala chali, ulikataa kurudi. Ulipofika wakati wa isha ulikuwa mgumu kama kokwa la embe, na saa nne ya usiku nilikuwa natapika huku jasho jembamba likinitoka, wanangu wakakodi gari wakanipeleka katika hospitali moja ambayo jina lake sina haja ya kulitaja. Daktari alinibonyeza mara moja tu, akasema kuwa utumbo umenasa na umenyongwa, damu haifiki, na kwamba jambo lile haliwezi kungoja asubuhi.

Hawakunipa nusukaputi, ile inayomlaza mtu akawa hajijui. Walinipiga sindano ya mgongo, na baada ya muda mfupi miguu na kiuno vikanifia, nikawa kama mtu aliyekatwa katikati akaachiwa nusu ya juu. Kisha wakatundika shuka la kijani juu ya kifua changu, mithili ya pazia, ili nisiyaone yanayotendeka upande wa pili. Masikio ndiyo niliyobakiwa nayo, na nyinyi mnaonisikia kwa redio mtanielewa nisemapo kwamba mtu akinyimwa macho husikia katika sauti ya mwenzake mambo ambayo uso ungeweza kuyaficha.

Sauti ya kwanza niliyoisikia nyuma ya pazia ilikuwa ya mwanamke, si kijana wala si mzee, naye aliniuliza, "Mzee wangu, jina lako kamili nani?" Nikamjibu kwa ukali kidogo, kwa kuwa lilikuwa swali la tatu la namna hiyo tangu niingie mlangoni. Akaniuliza tena, "Unapasuliwa nini, na upande gani?" Nikasema, "Sista, mbona daktari anajua?" Naye, bila ya kupandisha sauti wala kuishusha, akaniambia, "Daktari anajua, baba, nami najua. Nataka niisikie kwa kinywa chako mwenyewe." Nikasema ni ngiri, upande wa kulia. Akarudia kwa sauti ili wote waliomo wasikie, "Ngiri, kulia," na sauti ya daktari ikaitikia, "Ngiri, kulia."

Baada ya hapo nikasikia jambo lililonistaajabisha. Watu wawili walikuwa wakihesabu pamoja, yule mwanamke na mwingine, kwa mwendo mmoja, kama wahesabu nazi shambani ambao hawataki kudhulumu wala kudhulumiwa: moja, mbili, tatu, nne, tano, kisha fungu la pili, moja hadi tano, kisha mikasi, kisha vibanio, kisha sindano moja moja. Nikajiuliza, watu hawa wana mgonjwa anayekufa, nao wanahesabu vitambaa? Leo ninalionea haya swali hilo.

Inafaa niwaeleze kidogo namna kazi ya chumba kile ilivyogawanywa, kwani wengi wetu tunadhani kwamba mle ndani yumo daktari na kisu chake, na waliobaki ni watazamaji. Wapo wauguzi wa aina mbili. Mmoja amenawa mikono hadi viwiko kwa muda mrefu, akavaa gauni na glovu zilizotakaswa kwa mvuke au kwa dawa, na tangu hapo haruhusiwi kugusa kitu chochote kisichotakaswa, hata miwani yake ikimtelezea puani. Yeye ndiye msimamizi wa meza ya vyombo, na kila chombo kinachofika mkononi mwa mpasuaji kimepita kwanza mkononi mwake. Wa pili hakuvaa hivyo. Yeye huzunguka, hufungua vifurushi, huandika ubaoni idadi ya kila kitu kilichotoka, hujibu simu, huleta damu. Yupo na mtaalamu wa usingizi kichwani pa mgonjwa, ambaye katika hospitali zetu nyingi naye ni muuguzi aliyesomea kazi hiyo. Yule aliyenawa ndiye ninayemkusudia. Waliosafiri kwa majahazi watanifahamu nikisema kwamba yeye ni sarahangi wa chombo: nahodha ndiye mwenye kuamua njia, lakini sarahangi ndiye ajuaye kila kamba imefungwa wapi, na nahodha akisema neno, yeye hulirudia kwa sauti kabla ya kulitenda, ili asiwepo baharia wa kudai baadaye kwamba hakusikia.

Basi nikasikia kazi ikienda. Daktari hakuwa msemaji. Mara nyingine sikusikia amri yoyote, nilisikia tu mlio mdogo wa chuma kikitua kwenye kiganja chenye glovu, na nimekuja kuelezwa baadaye kwamba muuguzi stadi huutazama mkono wa mpasuaji, vidole viwili vikijitenga na kukutana yeye hutoa mkasi, na hukitia chombo kiganjani kwa mpini na kwa uzito wa kutosha, ili mpasuaji asiondoe macho yake katika jeraha. Kisu hakipiti mkono kwa mkono. Huwekwa katika bakuli dogo, mmoja akaacha, mwingine akachukua, asije mtu akakatwa.

Kisha daktari akasema kwa sauti ya chini, ile sauti ya mtu asiyetaka mgonjwa asikie, "Umekuwa mweusi." Nilijua kuwa ananena utumbo wangu. Akaendelea, "Sista, vitambaa vya maji ya..." na kabla hajamaliza yule mwanamke alikwisha sema, "Ya moto, tayari, dakta." Ikawa wanangoja. Utumbo ulionyongwa ukifunguliwa hufunikwa kwa shashi iliyochovywa katika maji ya chumvi yenye joto, na watu wote husimama kuangalia kama rangi yake itarudi. Ikirudi mtu hushonwa, isiporudi hukatwa kipande kilichokufa, na hiyo ni safari nyingine ndefu. Nikamsikia akisema, "Dakika moja." Halafu, "Dakika ya pili."

Hapo ndipo umeme ulipokatika.

Wasikilizaji wangu, giza la chumba kisicho na madirisha, tumbo lako likiwa wazi, si giza la kawaida. Kijana mmoja alitoa ukelele, kitu cha bati kikaanguka, nami nikaanza kusoma shahada. Yule mwanamke akasema, kwa sauti ile ile aliyoniulizia jina langu, "Mikono ibaki ilipo. Kilichoanguka kisiokotwe." Kisha, "Mwanangu, kurunzi iko msumarini, mkono wako wa kulia, juu kidogo ya bega." Nikaona mwanga mdogo ukipanda juu ya pazia langu la kijani. Yule wa kichwani akanigusa shavu akasema, "Anapumua vizuri." Na baada ya kimya kidogo ikaja ile sauti, "Dakika ya nne, dakta."

Nimelifikiria neno hilo mara nyingi tangu usiku ule. Katika giza, katika kuongoza mikono ya watu na kumtuliza kijana aliyepatwa na fadhaa, hakuiacha hesabu ya dakika ikatike. Jenereta liliponguruma na taa kurudi alikwisha fika dakika ya sita, na daktari akainua shashi, akasema, "Wekundu unarudi," na mimi nyuma ya pazia nikalia machozi bila ya aibu.

Walipokuwa wakijiandaa kufunga, mlango ukafunguliwa, mtu akasema kuna mama ameletwa, uzazi umekwama, anavuja damu, meza inahitajika upesi. Nikasikia pumzi za daktari zikibadilika. Alikuwa kazini tangu asubuhi. Wale wawili wakaanza hesabu yao tena, na safari hii hesabu ikasimama njiani. "Nne," alisema yule wa kuzunguka. "Nne," alisema yule aliyenawa. Wakarudia. Nne. Daktari akasema, "Sista, tuna mama mlangoni, naanza kushona." Akamjibu, "Hesabu haijatimia, dakta. Kimoja hakijaonekana."

Hakugomba, na hakuomba radhi. Alilitamka kama mtu anayetaja saa. Nami, ijapokuwa sikujua wakati ule kitambaa kimoja cha shashi kikisahauliwa tumboni hufanya nini, kwamba huweza kuleta usaha na homa, na mara nyingi humrudisha mtu mezani kwa mara ya pili akiwa dhaifu kuliko mara ya kwanza, nilifahamu kutokana na kimya kilichofuata kwamba mwenye cheo kikubwa katika chumba kile alikuwa amesimamishwa na mwenye cheo kidogo, na kwamba mambo yote sasa yanategemea atakavyojibu. Daktari akavuta pumzi akasema, "Basi tutafute." Insafu inanilazimisha nimsifu naye kwa maneno mawili hayo. Wakatafuta katika jeraha, wakatafuta juu ya meza, mwisho wakakikuta kimeganda chini ya beseni lililoanguka gizani. "Tano," wakasema wote wawili. "Hesabu imetimia, dakta. Unaweza kufunga."

Nilipopona nilianza kuuliza na kusoma, kwa kuwa mtu aliyeokolewa hupenda kujua ameokolewa kwa njia gani. Nikaona kwamba muuguzi wa chumba cha upasuaji ameacha alama katika tiba ya dunia kwa njia ambazo hazitajwi sana. Zile glovu ambazo leo hakuna mpasuaji anayethubutu kufanya kazi bila ya kuzivaa zilianza kwa ajili ya muuguzi. Huko Baltimore, Marekani, katika hospitali ya Johns Hopkins iliyofunguliwa mwaka 1889, muuguzi aliyesimamia chumba cha upasuaji, Caroline Hampton, alikuwa akiharibika ngozi ya mikono kwa sababu ya dawa ya zebaki iliyotumika siku zile kuua vijidudu, hata akakaribia kuiacha kazi. Mpasuaji William Halsted, asiyetaka kumpoteza, aliiandikia kampuni ya Goodyear imtengenezee glovu nyembamba za mpira. Na mwaka 1890 wakaoana. Ilichukua miaka kadhaa kabla ya wapasuaji wenyewe kufahamu kwamba kile kilichomkinga muuguzi na dawa kingewakinga wagonjwa pia na vijidudu vya mikono ya wapasuaji hao.

Na hata ule utaratibu wa muuguzi kumtilia mpasuaji chombo kiganjani haukuwapo tangu azali. Mwanzoni mwa karne ya 20, Mmarekani mmoja, Frank Gilbreth, aliyeanza maisha kwa kazi ya uashi wa matofali na kuhesabu mijongeo ya mwashi ili ampunguzie taabu, aliwapiga madaktari picha za sinema wakiwa kazini, akaona kwamba wanapoteza muda mwingi wakigeuka kutafuta vyombo, akashauri pawepo mtu wa kuwapa. Fundi matofali aliliona kwa kuwa aliwahi kuwa na kibarua wa kumpokeza matofali.

Lililonigusa zaidi lakini lilitokea karibu nasi. Kati ya Oktoba 2007 na Septemba 2008 Shirika la Afya Duniani lilijaribu karatasi yenye mambo 19 ya kuulizana kwa sauti katika vipindi vitatu: kabla ya mgonjwa kulazwa usingizi, kabla ya kupasuliwa, na kabla ya kutoka chumbani. Ilijaribiwa katika hospitali nane za miji minane, na pamoja na London, Toronto, Seattle, Auckland, Amman, New Delhi na Manila, ulikuwamo mji wetu wa Ifakara, katika bonde la Kilombero. Katika karatasi hiyo mna kumuuliza mgonjwa jina lake na mahali atakapopasuliwa. Mna kila mtu kujitaja jina na kazi yake. Mna muuguzi kuthibitisha kwa sauti kwamba hesabu imetimia. Matokeo yalichapishwa Januari 2009, chini ya uongozi wa mpasuaji Atul Gawande wa Boston: vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8, na madhara mengine kutoka asilimia 11 hadi 7. Niliposoma nikalikumbuka lile swali lililonikera, na ukali niliomjibu nao.

Hata hivyo karatasi peke yake haitoshi. Mwaka 2014 wataalamu wa Ontario, Kanada, walichapisha habari za hospitali 101 zilizoanza kuitumia, na hawakuona vifo vikipungua kwa kiasi cha kutajika. Sababu zimejadiliwa sana, na mimi si tabibu wa kuamua; lakini nililala nyuma ya lile pazia, na najua kwamba karatasi haiwezi kumwambia daktari aliyechoka, mwenye mama anayevuja damu mlangoni, kwamba hesabu haijatimia. Hilo linahitaji mtu. Na mtu huyo lazima awe amefanya kazi na wenzake siku nyingi kiasi kwamba neno lake lisichukuliwe kuwa ni ujuvi.

Kila mwaka tarehe 12 Mei, siku aliyozaliwa Florence Nightingale, tunawasifu wauguzi wetu, na aghalabu tunawaita malaika. Sina nia ya kumvunjia mtu heshima yake, lakini neno hilo silipendi. Malaika hachoki, hasomi, hakosei akasahihishwa, na utulivu wake ni maumbile aliyoumbiwa. Utulivu niliousikia mimi ulikuwa na asili nyingine: mtu aliyekagua kurunzi jioni kabla ya mgonjwa yeyote kufika, akaiangalia betri yake, akaitundika katika msumari ule ule kila siku mpaka aweze kuielekeza gizani kwa neno moja, aliyepasha maji ya chumvi kwa kuwa alisikia "ngiri iliyonyongwa" mlangoni akajua yatahitajika. Hayo ni maarifa na tadbiri za miaka, nayo yanastahiki mshahara, na masomo, na cheo, na mtu wa pili wa kumpokea zamu usiku unapokuwa mrefu. Kumsifu kwa ustadi wake kuna maana ya kuuliza kama hospitali ina kurunzi, na kama iko msumarini.

Ugumu ni kwamba kazi yake ikiwa njema haiachi dalili. Mgonjwa hupelekewa bili ya upasuaji, humkumbuka mpasuaji, humpelekea kuku au gunia la machungwa. Kitambaa ambacho hakikusahauliwa hakimfikii mtu yeyote kama habari. Wengi wamelala nusukaputi wakati yeye anapofanya yaliyo bora kabisa. Mimi nilikuwa macho kwa bahati, na ndiyo sababu nimeomba nafasi hii redioni.

Siku ya tatu nilikuwa nimelala wodini, nimekwisha panga maneno ya shukurani kwa ufasaha, niliposikia nyuma yangu ile sauti ikimuuliza mgonjwa wa kitanda jirani jina lake kamili. Nikageuka. Alikuwa mwanamke mfupi, mwembamba, mwenye alama ya barakoa juu ya pua. Akanijia, hakunitazama usoni kwanza, alitazama kidonda. "Ngiri, kulia," akasema. "Umepata upepo, baba?" Nikasema ndiyo, tangu alfajiri. "Alhamdulillahi. Basi uji unaweza kunywa." Nikamuuliza habari za yule mama wa usiku ule. Akasema yuko wodi ya wazazi, na mwanawe yuko kifuani pake. Nikaanza yale maneno yangu niliyoyapanga, na hapo hapo kikohozi kikanishika, nikajikunja kwa maumivu. Akauchukua mkono wangu, akaufungua kiganja, akaulaza juu ya bandeji na kuukandamiza kidogo kwa mkono wake mwenyewe.

"Kikija tena, shika hapa," akasema. "Hapo hapo, mzee. Usiachie."